Shingo ya Bi Zuhura na Askari Waliochelewa Kuamka

Nimestaafu na meno yangu yote yako mdomoni. Miaka thelathini sijafika, goti haliniumi, na sikupewa saa ya ukutani wala hotuba. Mradi ulikwisha, nikarudisha boksi, nikaambiwa ahsante Athmani, basi, nikawa mstaafu. Nyinyi mnaoanza kazi hii sasa, mnaokabidhiwa makohozi na vidonge vya watu, mmeniambia nieleze ilikuwaje. Haya, naeleza. Shule niliishia darasa la nane, na hilo la nane nalo nililimaliza kwa kumhurumia mwalimu, kwa hivyo msingoje maneno ya vitabuni. Nitasema nilichokiona na nilichokisikia. Kusikia ndiko kulikuwa kwingi, mtaona kwa nini.

Kazi niliipata kwa utundu. Nilikuwa nimemsindikiza jirani yangu wa mtaa wa Langoni kwenye kliniki ya kifua hapa Amu, Lamu ya kwenye ramani. Foleni ndefu, watu wamenuna, kila mmoja ameshika kikopo chake na kohozi halitoki. Wamekaa pale tangu asubuhi wanajikamua kama ng'ombe aliyekauka. Mimi kukaa kimya siwezi. Nikaanza kuwapigia porojo, wakacheka, na mgonjwa wa kifua akicheka lazima akohoe. Wakakohoa benchi zima. Mlango ukafunguliwa, akatoka Sista Rukia, mkuu wa kliniki ile, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa na uzi.

"Nani anayechekesha wagonjwa wangu?"

"Ni mimi, Sista. Samahani."

"Samahani ya nini? Tazama vikopo." Vimejaa vyote. "Kesho njoo mapema. Na hayo maneno yako njoo nayo."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Sijui kama kuna mtu mwingine nti hii aliyepata kazi kwa sababu watu walikohoa.

Kabla ya kunipa chochote nikishike, Sista alinipima mwenyewe. Picha ya kifua ikatoka safi. Halafu akanichoma sindano ndogo chini ya ngozi ya mkono, akanambia nirudi baada ya siku mbili tatu. Siku ya pili mkono umevimba, mwekundu, mgumu, utadhani nimeumwa na nyigu mwenye kisasi. Nikaenda kliniki nimeshagawa nguo zangu kichwani, shati hili la kaka, viatu hivi vya binamu.

"Sista, nakufa."

"Utakufa, lakini si leo. Kaa." Akaupima ule uvimbe kwa rula. "Wewe ulishakutana na mdudu wa TB zamani. Labda utotoni, mtu alikohoa dukani, msikitini, popote. Mwili wako ukamkamata, ukamfungia ndani, wewe huna habari. Juzi nimewaonyesha harufu yake tu, wakaja mbio."

"Wakaja nani?"

"Askari wako."

Nilirudi nyumbani nautazama ule mkono kama mkono wa mtu mwingine. Miaka yote hiyo nimetembea na jeshi ndani yangu, limepigana, limeshinda, linalinda gereza mchana na usiku, na mimi mwenye jeshi nikiona punda amekasirika kwenye kichochoro narudi nilikotoka. Nawaambia kweli, tangu siku hiyo sikumtazama binadamu tena vile nilivyokuwa nikimtazama.

Kisha nikapewa boksi. Boksi la barafu, la buluu, kifuniko kina bawaba moja nzima na moja ya matumaini. Mlifunge kwa mpira wa baiskeli, msiamini bawaba. Kazi ilikuwa kukaa kisiwani Pate, kwa shangazi yangu kijijini Mbwajumali, kuwatazama wagonjwa wakimeza dawa, na kila wiki kuleta makohozi Amu kwa boti ya abiria. Abiria wakiona boksi la barafu huuliza.

"Samaki, Bwana?"

"Si samaki."

"Malai ya barafu?"

"Bi, nakuomba kwa heshima ya Mtume, usinifanye nijibu."

Siku moja maji yakapwa tukanasa kwenye Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari, jua kali, barafu inayeyuka. Bwana mmoja mnunuzi wa kamba alikuwa na barafu yake, akanipa vipande vikubwa kwa roho safi. Baada ya kunipa ndipo akauliza ni vya nini. Nilipomwambia, alihamia upande wa pili wa boti, na boti ikalala upande ule mpaka nahodha akamgombeza. Kwa hivyo funzo: ombeni barafu kwanza, maelezo baadaye.

Sasa nije kwa Bi Zuhura. Jina hili si lake. Ruhusa ya kusema amenipa, jina amenikataza.

Bi Zuhura alikuwa mwanamke wa Mbwajumali, mkulima, ana mtoto wa kike mdogo. Mumewe alifika hospitali amechelewa, TB imeshamla kifua kizima, akaanza dawa, akazinywa wiki chache, akafa. Watu wakafanya hesabu yao ya haraka: hakunywa dawa, alikuwa hai, amekunywa dawa, amekufa. Huwezi kuwalaumu, ndivyo ilivyoonekana. Sista akasema jamaa wote wa nyumba wapimwe. Mtoto akakutwa mzima, akapewa dawa za kinga. Bi Zuhura akakutwa nayo, ya kifua na ya tezi za shingo. Naye yumo ndani, amekaa eda.

Hapo ndipo nilipoona kazi yangu ina mzaha kuliko mimi. Sheria yetu ni kumwona mgonjwa akimeza. Si kuambiwa, kumwona. Na kizuka, mjane aliye edani, haonwi na mwanamume asiye ndugu yake. Mlango wa chumba chake una pazia zito, na mbele ya pazia, juu ya kiti cha ukili, amekaa wifi yake, Bi Shekue, dada wa marehemu. Mwanamke mrefu, mkavu, akikutazama unakumbuka madhambi yako moja moja. Nikampigia simu Sista.

"Mgonjwa siruhusiwi kumwona."

"Basi msikilize."

"Nisikilize kidonge?"

"Msikilize yeye, Athmani. Mtu aliyeficha kidonge shavuni hasemi vizuri. Kucheka ndiyo hawezi kabisa. Na akicheka utasikia kifua chake. Mimi nilikuajiri kwa nini?"

Asubuhi ya kwanza nikampa Bi Shekue vidonge, akaviingiza ndani, nikasikia maji, nikasikia koo. Kisha nikaanza porojo. Bi Shekue akanyanyua mkono.

"Kijana. Kizuka hachekeshwi."

"Simchekeshi yeye, Bi Shekue. Nakuchekesha wewe. Yeye akisikia, pazia ni lenu si langu."

"Mimi sicheki."

"Basi sote tuko salama."

Nikamhadithia punda mmoja wa Langoni aliyeingia duka la simu, akatoka anatafuna waya wa chaja, mwenye duka yuko nyuma yake anapiga kelele, na wazee wa barazani wanamwuliza mwenye punda, "Kwani ilikuwa imebaki asilimia ngapi?" Bi Shekue hata jicho halikucheza. Lakini nyuma ya pazia nikasikia kicheko kidogo, kinabanwa, kikapasuka, kikageuka kikohozi. Kikohozi kirefu, cha kukwangua, hakiishi. Nikasimama. Bi Shekue naye akasimama. Tukabaki tunatazamana mpaka kilipotulia.

Hicho ndicho kilikuwa kipimo changu. Kila asubuhi dawa, maji, kisa kimoja, kicheko, na kikohozi nakipima kwa sikio. Kikaanza kufupika. Kwanza kirefu kama kusafisha mtaro, kisha cha wastani, kisha kama mtu anayebisha hodi kwa adabu. Nikawa namwambia Sista kwa simu na yeye anafurahi. Nikajiona daktari bingwa wa vichekesho.

Siku moja nafika, Bi Shekue amesimama mlangoni ameshika foronya nyeupe. Akanitupia miguuni.

"Nambia hii ni nini."

Foronya ina madoa. Rangi ya chungwa, mengi, mapya juu ya ya zamani.

"Kizuka hajipaki rangi! Hajifukizi, hatii wanja, hatii zafarani. Ndugu yangu hajakauka udongo, na huyu yuwajipamba usiku! Yuwampambia nani? Wewe?"

Nilirudi nyuma hatua nzima.

"Bi Shekue, Mungu ni shahidi, hiyo ni dawa. Dawa hizi hugeuza rangi ya kila kitu kinachotoka mwilini. Mkojo, jasho, machozi."

"Machozi?"

"Ndiyo, machozi."

"Machozi rangi ya zafarani. Waniona mimi mjinga."

Nikampigia Sista, nikaweka sauti kubwa. Sista akasema vilevile, kwa utaratibu wake, jasho hivi, machozi hivi, msiogope, ni kawaida. Bi Shekue alisikiliza simu mpaka ikakatika. Kisha akainama akaiokota foronya mwenyewe. Akaigeuza huku na huku. Madoa yote yako pale mtu anapolaza jicho.

"Hakulia mazikoni," akasema. Hakuwa anasema na mimi. "Hata tone. Watu wote walimwona. Nikasema huyu moyo wake jiwe." Akaikunja ile foronya ndogo, ndogo zaidi, ikawa kama leso mkononi. "Kumbe yuwalia hapa."

Nyuma ya pazia sauti ikasema, "Wifi, niache."

"Sikuwati," Bi Shekue akajibu, akaingia ndani. Mimi nikatoka nje, nikaenda kutazama kuku.

Tangu siku hiyo nyumba ile ilibadilika. Uji wa mtama asubuhi, supu ya samaki mchana, mto mpya, na Bi Shekue akimwita "mwanangu" ingawa wamepishana miaka michache. Na hapo ndipo matatizo yalipoanza, maana anayekuchukia hakuzuii kunywa dawa, anayekuhofia ndiye hukuzuia.

Shingo ya Bi Zuhura ilianza kuvimba. Mwanzo wa dawa tezi zake, kwa maelezo ya Bi Shekue, zilikuwa kama kunazi, unazipapasa tu, na zilikuwa zimeanza kupungua. Sasa moja ikafura. Ikawa kama ndimu, halafu ikapita ndimu. Homa ikarudi. Mimi sioni kitu, nasikia tu sauti inakuwa nzito, inatoka kama mtu anayesema huku ameshikwa koo. Visa vyangu vikawa vinagonga pazia vinaanguka. Nikamuuliza Bi Shekue, naye akanijibu kwa swali.

"Ndugu yangu alikunywa dawa hizi, akazidi. Huyu yuwanywa dawa hizi, yuwazidi. Wewe ungefanyaye?"

Nilikuwa na mashaka hayohayo, nikitaka mjue. Nimeambiwa dawa inaponya, nami nasikia kwa masikio yangu mtu anavyoharibika.

Asubuhi iliyofuata nikampa Bi Shekue vidonge. Hakuvipokea. Sauti ikatoka ndani.

"Bwana Athmani, sinywi tena."

"Bi Zuhura..."

"Mwanangu ashazika baba. Nikifa mimi atabaki na nani? Bora nikae na kikohozi changu, nilikuwa nakijua. Hii shingo siijui."

Nilimpigia Sista nikiwa juu ya ngazi ya msikiti, ndiko mtandao unakoshika. Nikamweleza yote. Akauliza uvimbe una ukubwa gani, homa ilianza lini, anapumua vipi, ameacha kidonge hata kimoja kabla ya leo? Nikamwambia hapana, kila siku namsikia.

"Usimlazimishe. Usimtishe. Na leo usimchekeshe. Nakuja."

Aliposema nisichekeshe ndipo nilipoogopa.

Sista Rukia alikuja kwa boti ya kwanza, akapanda boda, akafika amelowa chumvi mpaka kwenye miwani. Akatoa salamu, akanawa mikono, akaingia nyuma ya pazia. Mimi na Bi Shekue tukabaki nje. Tulisikia, "Geuka. Hapa panauma? Meza mate. Vuta pumzi." Muda mrefu. Alipotoka alikaa chini kwenye mkeka, si kwenye kiti, na akasema kwa sauti ya kusikika pande zote mbili za pazia.

"Shingo ikivimba mtu yuko kwenye dawa, mimi hujiuliza mambo matatu. Je, anazimeza? Hilo nalijua, anazimeza. La pili, je, mdudu wake ni sugu, dawa hazimwezi? Hilo silijui, lazima nipime. La tatu ndilo ninalolidhania. Nalo si ugonjwa. Ni yeye mwenyewe."

"Yeye mwenyewe vipi?" Bi Shekue akauliza.

"Mdudu akikaa mwilini muda mrefu, akawa mwingi, mwili huchoka. Askari wake hulala. Wamo, lakini wamelala. Ndipo tukaleta dawa. Dawa zinaua mdudu, mizoga inatapakaa, mwili unapata nguvu kidogo, na askari wanaamka. Wakiamka hawaji mmoja mmoja. Wanakuja wote, na hasira zote. Wanapiga mdudu mzima, wanapiga mdudu aliyekufa, wanapiga hata vipande. Mahali wanapopigania ndipo panapofura, panapopata moto, panapotoka usaha. Uvimbe ule, Bi, si mdudu anayeshinda. Ni askari wa Zuhura waliochelewa kuamka."

Mimi nikafikiria punda wa Langoni. Mtaa mzima kimya, hujui hata kama wako. Halafu mmoja analia, wote wanaitikia, na husikii hata jina lako ukiitwa. Nilitaka kulisema, nikakumbuka nimekatazwa.

Bi Shekue alikuwa anamtazama Sista usoni.

"Na ndugu yangu? Askari wake waliamka pia?"

Hapo nilitamani niwe kuku. Sista alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio.

"Sijui, Bi Shekue. Ningekwambia najua ningekudanganya. Alikuja amechelewa sana. Huenda hapakuwa na wa kuamka. Huenda mapafu yalikuwa yameshakwisha. Sijui."

Nilidhani amevunja kila kitu. Lakini Bi Shekue alitikisa kichwa taratibu, kama mtu ambaye kwa mara ya kwanza amejibiwa. Watu wote waliokuja matangani walijua kwa nini ndugu yake amekufa, kila mmoja na sababu yake. Huyu wa hospitali ndiye aliyesema hajui.

"Na ukikosea?" Sauti ya Bi Zuhura. "Ikiwa ni la pili, si la tatu?"

"Ndiyo maana nimekuja na sindano. Nitavuta usaha, Athmani ataupeleka Amu, tutaujua. Ikiwa mdudu ni sugu, dawa tutabadilisha. Lakini ukiacha leo, katikati, hata asiye sugu anaweza akawa sugu. Siwezi kukuahidi kitu kingine."

Nje watoto wanacheza, mtu anapasua nazi nyumba ya pili. Nilijikuta nasikiliza kuliko nilivyowahi kusikiliza maishani.

"Sista," sauti ikasema, nzito, pole pole. "Hao unaosema, ni mimi? Si kitu mlichonitia?"

"Ni wewe. Sisi hatuna uwezo wa kutia kitu kama hicho."

"Subhanallah." Kisha nikasikia kitanda kikilia, kama mtu anayejikalisha. "Mimi nimekatazwa kutoka ndani. Wao hawakukatazwa kupigana. Wifi, nipa mai."

Bi Shekue alichukua vidonge mkononi mwangu. Alivishika kwa nguvu kama anavizuia visiruke. Akaingia. Nikasikia maji, nikasikia koo likimeza kwa taabu, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Sikumwambia aseme neno. Nani angedanganya wakati ule?

Nikaupeleka usaha Amu, boksi nimelikumbatia kama mtoto. Fundi wa maabara alinijua, maana kila wiki namletea zawadi zake. Alipomaliza kupaka rangi kioo chake akaniita. "Njoo uone kitu." Nikaweka jicho kwenye hadubini. Mwanzo niliona kope zangu mwenyewe. Halafu nikaona.

Buluu. Uwanja mzima buluu, wamejazana bega kwa bega, wengine wamepasuka, wengine wamekumbatiana, hakuna pa kupitisha uzi.

"Hao ni nani?"

"Askari."

"Wote?"

"Wote. Sasa nitafutie mdudu, ni vijiti vyekundu."

Nilitafuta mpaka shingo yangu mimi ikauma. Nikaviona viwili vitatu, vimekatikakatika, vimelala katikati ya ule umati. Fundi akasema kuonekana si kuwa hai, itabidi wawaoteshe kwenye maabara ya bara wajue kama kuna anayeota. Mashine yake nayo ikasema hakuna dalili ya usugu. Mimi nilikuwa bado nimeinamia hadubini. Mwanamke mmoja, amekaa chumbani Mbwajumali nyuma ya pazia, hajaonwa na mtu, hajapiga kelele, na ndani ya shingo yake kuna vita vikubwa kuliko vyote nilivyowahi kusikia. Hakuna aliyewafundisha. Hakuna aliyewapigia simu. Nilitoka pale sina mzaha hata mmoja, na wanaonijua mimi watawaambia hilo ni jambo la kutangazwa msikitini.

Nilirudi na vidonge vya ziada alivyoandika daktari wa Amu baada ya kuona majibu, vya kuwatuliza askari wasije wakabomoa nyumba wanayoilinda. Hilo nalo mlijue: mwili huweza kushinda vita ukajiumiza wenyewe, ndiyo maana haya si mambo ya kukisia. Mkiona shingo inafura, pigeni simu, msijifanye Sista.

"Nimewaona," nikamwambia Bi Shekue. "Askari wa wifi yako. Nimewaona kwa jicho langu."

"Ni wangapi?"

"Hawahesabiki."

"Wamevaa nini?"

"Buluu."

Akafikiri. Uso haukucheza hata kidogo.

"Kama polisi," akasema. "Ndiyo maana wamechelewa kufika."

Nyuma ya pazia kicheko kilipasuka, kizito, kibaya, cha mtu mwenye shingo inayouma, na mimi nikacheka mpaka nikakaa chini. Bi Shekue alitutazama sote wawili, mmoja anayemwona na mmoja asiyemwona kwa pazia, akasema hajui tunachekea nini.

Ule uvimbe haukuisha kwa urahisi. Ulipasuka, ukatoa usaha siku nyingi, na aliyekuwa akiuosha kwa maji ya chumvi ya moto na kubadilisha bandeji ni Bi Shekue, asubuhi na jioni. Hayo hakupata nafasi ya kumfanyia ndugu yake. Alikuwa akitoka na beseni ananipita, nami nainuka nampisha. Homa ikashuka. Sauti ikarudi kuwa ya mwanamke. Majibu ya bara yakaja: wameotesha, wamengoja, hakuna kilichoota. Nilimsomea Bi Shekue mara mbili, mara ya tatu akanambia basi, si kiziwi.

Nilimwuliza Sista wale askari wamekwenda wapi sasa.

"Wako palepale. Wamerudi kupumzika."

"Sista, wewe umezoea mambo haya?"

"Miaka yote hii," akasema, anapanga vikopo vyake, "na kila nikiona nasema lailaha illallah kama mtu aliyesilimu leo."

Eda iliisha dawa zikiwa bado. Pazia likafungwa pembeni. Nilipofika asubuhi ile, Bi Zuhura alikuwa uani amekaa juu ya mkeka, amejitanda, mtoto yuko mapajani. Nilipata aibu sikujua niangalie wapi, nimekuwa nikiisikia sauti ile kila siku na leo ina uso. Chini ya mtandio, penye taya, kuna kovu limejikunja, jipya, linang'aa. Akameza mbele yangu, akafungua mdomo nione, kama sheria inavyotaka. Nikasema nimeona.

Siku ya kumaliza dawa Sista alikuwa ameshapima kila kitu, kifua, makohozi, shingo, mizani. Nilikwenda na vidonge vya mwisho. Bi Zuhura akavimeza kwa bilauri ya maji, akaiweka chini. Bi Shekue alikuwa amesimama nyuma yake. Akamshika wifi yake kidevu, akakigeuza kwenye mwanga, akalipapasa lile kovu kwa kidole gumba, pole pole, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha akanigeukia.

"Umengoja nini?"

"Sijangoja kitu, Bi Shekue."

"Nyumba hii haina mgonjwa. Tukua boksi lako wende zako."

Nikalichukua. Nilipofika mlangoni nilisimama kidogo nikatafuta sababu ya kurudi kesho yake. Sikuiona.